Sindano Nyumbani Mwako

 

Leo nataka tuseme juu ya sindano. Shule zikifunguliwa huja na karatasi, na katika karatasi ile mna sare: mashati, sketi au kaptura, sweta. Watoto wakiwa watatu, mbuzi huuzwa. Kwa hiyo wengi huuliza, Je, tukishona wenyewe hatutaokoa fedha?

Mtaokoa, lakini si kwa kila vazi. Tangu mitumba ilipojaa masokoni miaka ya 1990, shati la mtu mzima pale Gikomba au Kongowea mara nyingi hupatikana kwa bei iliyo chini ya kitambaa chake. Usishindane nayo. Faida iko katika sare, katika nguo za watoto wadogo, na zaidi sana katika kutengeneza kilichoraruka. Sketi ya shule ukiiachia upindo wa sentimita 8, utaiteremsha mara mbili mtoto akikua. Ya dukani mara nyingi haina nafasi hiyo. Kola iliyochakaa hufumuliwa, ikageuzwa, upande mzima ukatokea juu. Shati la baba likishindikana kabisa, hukatwa la mtoto, na vifungo vyake huwekwa koponi. Kitambaa cha pamba kiloweke, ukianike, ndipo ukate, maana hurudi kikifuliwa. Tena kata gazeti kwanza, ulipime mwilini mwa mtoto. Gazeti likiharibika hujapoteza kitu. Na uliza shule mapema juu ya rangi, mtoto asije akarudishwa nyumbani.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, tunasoma habari za Tabitha wa Yafa, aitwaye pia Dorkasi. Alipokufa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakimwonyesha nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Nafurahi kwamba Luka hakuziacha nguo zile nje ya habari yake. Kazi ya mikono ya mama yule ilihesabiwa.

Je, nyumbani mwetu huhesabiwa? Hapa nina neno na akina baba. Mama ametoka shambani, amepika, amewalaza watoto, kisha saa nne ya usiku aketi kwenye cherehani kando ya taa. Asubuhi baba asema, "Tumeokoa fedha." Ni nani aliyeokoa? Na fedha zenyewe zimekwenda wapi? Ziko nyumba ambazo akiba hiyo huishia kilabuni, naye mama yu katika leso ile ile ya mwaka juzi.

Ndugu yangu, kabla ya kununua cherehani, ketini wawili mkaandike: kitambaa, uzi, vifungo, na saa za mama. Kinachobaki kiwe mkononi mwake. Wewe usiyejua kushona waweza kuteka maji siku ile anaposhona. Na mwana wa kiume afundishwe kushona kifungo. Mafundi wengi wa sokoni ni wanaume, wala hakuna awachekaye.

Jumamosi hii fungueni sanduku, mtoe kila nguo iliyofumuka, muanze na hizo. Sindano na uzi vyatosha. Cherehani yaweza kungoja.