Kutoa Upepo Kwenye Breki ya Pikipiki
Dereva wa bodaboda anayeteremka kutoka Ngara mjini kwenda Rusumo, au anayepishana na malori Lusahunga wilayani Biharamulo, anategemea breki inayokamata mara moja.

Mpira wa kupitishia mafuta ya breki ya diski ukibadilishwa, upepo huingia. Upepo hubonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo maana mkono wa breki huzama bila gurudumu kusimama.

Fundi hujaza mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo cha mafuta hayo, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Hubana mkono wa breki, hulegeza nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo), mapovu hutoka, hukaza nipo, ndipo huachia. Akiachia kabla ya kukaza, upepo hurudi, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika! Hurudia mpaka mapovu yaishe, bila kuacha kikopo kikauke.

Oili ya injini isitiwe kamwe: huvimbisha sili. Majaribio yafanyike mahali tambarare, bila abiria.