Paa Lililobomolewa na Mlango Uliojaa: Mafundisho ya Injili kwa Usharika Uliotimiza Miaka 100

(Hotuba iliyotolewa na Mzee wa Kanisa mstaafu katika maadhimisho ya Jubilei ya miaka 100 ya Usharika)



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kuiona siku hii. Naishukuru pia Kamati ya Jubilei kwa heshima iliyonipa. Walionitangulia wamekwisha kueleza historia ya Usharika wetu, nami sina la kuongeza juu ya tarehe na majina. Nimeombwa nizungumzie imani. Kwa kuwa mimi si mwanatheolojia, nimeona nisiende mbali. Nitasimulia habari tatu za Bwana Yesu ambazo kila mtoto wa Shule ya Jumapili anazijua, kisha tujiulize zinatudai nini sisi tunaoingia karne ya pili.

Urithi tulioachiwa

Waliokusanyika hapa kwa mara ya kwanza walifanya hivyo katika wakati mgumu. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita. Wamisionari wa Leipzig, ambao Misheni yao ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, walilazimika kuondoka nchini mwaka 1920. Kazi ikabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, mpaka Walutheri wa Marekani walipokuja kusaidia na Wajerumani wenyewe waliporuhusiwa kurudi. Watu walidhani moto wa Injili ungezimika kwa kuondoka kwa wazungu. Haukuzimika. Miongo minne baadaye, tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa Kanisa moja la Tanganyika, ambalo leo ni KKKT. Moto huo ulihifadhiwa na watu wasio na joho, waliojua kusoma, kusali na kubeba wagonjwa.

Nasema kubeba wagonjwa kwa makusudi. Sisi wenye mvi tunaikumbuka machela. Kabla barabara hazijafika huku juu, mgonjwa alilazwa juu ya miti miwili iliyofungwa kamba na kufunikwa blanketi, akashushwa mlimani kwenda hospitali. Machela ina sheria yake. Wabebaji wote hutembea kwa hatua moja, maana mmoja akiharakisha mgonjwa huanguka, na mmoja akichoka wote husimama. Ndiyo sababu habari ya kwanza nitakayoieleza haikuwa ngeni kwa babu zetu walipoisikia.

Somo la kwanza: Imani ya wanne

Mwinjilisti Marko, katika sura ya pili, anatueleza kwamba Yesu alikuwa nyumbani kule Kapernaumu. Watu walijaa hata mlangoni pasiwe na nafasi. Wakaja watu wanne wamembeba mwenzao aliyepooza. Waliposhindwa kupenya, walipanda juu ya dari, wakatoboa paa, wakamteremsha mgonjwa na godoro lake mpaka mbele ya Bwana.

Nyumba za Kapernaumu ya wakati ule zilijengwa kwa mawe meusi. Mapaa yake yalikuwa bapa, ya boriti, matawi na udongo ulioshindiliwa. Kulitoboa paa la namna hiyo kunamaanisha mavumbi na vipande vya udongo kuwaangukia waliokaa chini, tena katikati ya mahubiri. Kama sisi tungekuwa wazee wa nyumba ile, bila shaka tungesimama na kuuliza nani atalipia uharibifu. Yesu hakuuliza habari za paa. Marko anasema aliiona imani yao, yaani imani ya wale waliombeba. Yule mgonjwa hakusema hata neno moja katika habari yote. Alifika kwa Yesu kwa imani ya wengine.

Hapa pana fundisho kubwa kwetu Walutheri. Tunafundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, na hilo ni kweli, wala hakuna awezaye kuamini badala ya mwingine. Lakini nani miongoni mwetu aliyejipeleka mwenyewe kwenye maji ya Ubatizo? Tulibebwa. Kila mmoja wetu ana wanne wake: mama, babu, mwalimu wa Kipaimara, jirani aliyempitia kila Jumapili asubuhi. Miaka 100 ya Usharika huu ni miaka 100 ya machela.

Tuangalie pia ni akina nani walioujaza mlango. Hawakuwa wapagani wala maadui. Walikuwa watu wapenda Neno, waliofika mapema wakapata nafasi nzuri. Marko anataja pia waandishi waliokuwa wameketi ndani. Hakuna mmoja wao aliyekusudia kumzuia mgonjwa. Waliketi tu mahali pao, wakamgeuzia migongo. Kumbe mtu aweza kumsikiliza Yesu kwa makini na papo hapo mgongo wake ukawa ukuta kwa mwenzake.

Somo la pili: Mkuu wa sinagogi aliyengojeshwa

Habari ya pili imo katika sura ya tano ya Injili hiyo hiyo. Yairo, mmoja wa wakuu wa sinagogi, alianguka miguuni pa Yesu akimsihi aje nyumbani, maana binti yake wa miaka 12 alikuwa katika kufa. Yesu akaondoka pamoja naye. Njiani, mwanamke aliyetokwa na damu kwa muda wa miaka 12 akapenya katikati ya mkutano, akaligusa vazi la Yesu kwa siri.

Alikuwa na sababu ya kuja kwa siri. Kwa sheria iliyoandikwa katika Walawi sura ya 15, hali yake ilimfanya kuwa najisi, na aliyemgusa akawa najisi pia. Amekwisha kutumia mali yake yote kwa waganga bila nafuu. Kwa miaka 12 alikuwa mtu wa pembeni. Ni umri ule ule wa binti Yairo. Mwaka ambao nyumba ya Yairo ilifurahi kwa kupata mtoto, nyumba ya mwanamke huyu ilianza kuomboleza.

Yesu angeweza kuendelea na safari. Mwanamke alikwisha kupona, na Yairo alikuwa na haraka ya haki. Hata hivyo Yesu alisimama na kumtafuta. Akamsikiliza mpaka akasema kweli yote, akamwita binti mbele ya mkutano uliokuwa ukimtenga. Afya ya mwili aliipata kwa kugusa vazi. Heshima yake aliipata Yesu aliposimama.

Na Yairo je? Alingoja. Mzee wa sinagogi, mtu wa mbele, alisimama njiani huku mtu asiyeruhusiwa kuikaribia ibada akihudumiwa kwanza, na wakati ule ule ikaja habari kwamba mtoto wake amekufa. Sidhani ipo habari nyingine katika Injili inayotupima sisi Wazee wa Kanisa kama hii. Hatuambiwi kwamba Yairo alinung'unika. Yesu alimtaka asiogope, aamini tu. Wakaenda pamoja, na yule mtoto akainuka. Rehema aliyopewa mwanamke haikupunguza rehema ya Yairo. Kwa Bwana haipungui kwa kugawiwa.

Neno langu mwenyewe

Ndugu zangu, mniwie radhi nikisema jambo ambalo si desturi kulisema siku ya sherehe. Nalisema hapa kwa sababu kitabu cha Jubilei kikiandika mazuri peke yake, wajukuu wetu watadhani tulikuwa malaika, nao watakata tamaa watakapojiona wao si malaika.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado Mzee wa Kanisa kijana, ililetwa mbele yetu habari ya binti mmoja wa kwaya aliyepata mimba kabla ya ndoa. Tulimtenga na Meza ya Bwana. Tulisema mtoto wake angengoja kubatizwa mpaka mama afanye toba mbele ya Usharika. Mwanamume aliyehusika hatukumwita, ingawa wengi tulimjua. Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea binti yule uamuzi, nami niliupeleka kwa sauti kavu, nikidhani ndiyo sauti ya utakatifu. Alikuja ibadani Jumapili kadhaa, akaketi benchi la mwisho. Kisha akawa anasimama nje chini ya mti. Kisha hatukumwona tena.

Alirudi baada ya miaka mingi kumzika mama yake. Kanisa lilijaa. Nilimwona amesimama nje ya mlango, nikamwendea nikamwomba aingie akae na wafiwa. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo, mzee. Hapa pananitosha. Nimezoea kulisikia Neno nikiwa hapa."

Sikupata la kumjibu. Niliitikia salamu yake, nikarudi kukaa mahali pangu pa mbele. Usiku ule nilifahamu kwamba katika habari ya Kapernaumu mimi sikuwa mmoja wa wale wanne. Nilikuwa mmoja wa walioujaza mlango. Baadaye nilisafiri hadi anakoishi nikamwomba radhi. Alinisamehe, akanipikia chai. Lakini usharika wake uko huko huko alikobatizwa mtoto wake, na huo ndio uliovuna miaka ambayo sisi tuliitupa.

Sisemi kwamba Kanisa lisiwe na nidhamu. Sina mamlaka ya kubadili katiba wala miongozo ya Dayosisi, na Baba Askofu yupo hapa. Bwana mwenyewe hakuiita dhambi jina jingine. Yule aliyepooza alitangaziwa kwanza msamaha wa dhambi kabla ya kuambiwa asimame. Ninachosema ni kwamba nidhamu isiyokwenda kumtafuta mtu si ya Bwana Yesu. Martin Luther, katika hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za mwaka 1517, alifundisha kwamba maisha yote ya waamini yawe ya toba. Kama ni hivyo, toba si mali ya benchi la mwisho. Inaanzia madhabahuni na kwenye viti vya wazee.

Somo la tatu: Mikate ya shayiri

Habari ya tatu ni fupi. Katika sura ya sita ya Yohana, Andrea alimtaja mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, kisha akaongeza kwamba hivyo ni kitu gani kwa watu wengi namna ile. Shayiri ilikuwa chakula cha maskini. Bwana alipokea kilichokuwapo, akashukuru, watu wapatao elfu tano wakala wakashiba. Mwishoni aliagiza vipande vilivyosalia vikusanywe, kisipotee chochote, vikajaa vikapu 12.

Usharika huu umejengwa kwa mikate ya shayiri. Mnada wa sadaka baada ya ibada, wenye mikungu ya ndizi, mayai, kuku na debe la mahindi, ndio ulioezeka bati la kwanza. Tumezoea kuhubiri juu ya mikate mitano tunapotafuta sadaka. Leo nawaomba tutazame mwisho wa habari, vile vikapu 12. Bwana anayeweza kushibisha maelfu bado anajali kipande kilichoanguka majanini. Kama anajali kipande cha mkate, je, mtu aliyeanguka kutoka katika daftari letu?

Ombi kwa karne ya pili

Namalizia kwa ombi. Tumelizindua kanisa zuri, lenye paa ambalo kila mmoja wetu amelichangia, nami nalifurahia. Hata hivyo naomba mambo matatu.

Kwanza, Baraza la Wazee lifungue daftari la Washarika, lisome majina ya wote waliotengwa au waliopotea bila mtu kuwafuata, na kila jina lipewe watu wa kulitembelea. Na pale palipohusika wawili, wasiitwe wanawake peke yao.

Pili, kila Jumuiya ichague watu wanne, si zaidi, wa kubeba mtu mmoja mmoja: mgonjwa wa muda mrefu, mzee asiyeweza kupanda ngazi zetu mpya, kijana aliyeaibika, mjane anayeona haya kwa kuwa hana sadaka. Wanne wanatosha, ila watembee kwa hatua moja.

Tatu, sisi tuliozoea viti vya mbele tujifunze kungoja kama Yairo. Bwana akisimama njiani kwa ajili ya mtu wa pembeni, tusimvute nguo.

Yule aliyepooza aliingia kwa kutoboa paa, lakini alitoka kwa miguu yake mbele ya wote, amejitwika godoro lake. Walioshindwa kumpisha aingie walimpisha atoke. Namwomba Mungu kwamba watakaokusanyika hapa katika Jubilei ijayo, sisi tukiwa tumelala makaburini, waseme juu yetu kwamba tulimpisha mtu aingie.

Mungu aubariki Usharika wetu, aibariki Dayosisi yetu, na Kanisa lake lote. Amina.