Jani la Njano na Udongo wa Shaba: Kutambua Kasoro za Miche Inayooteshwa Ndani ya Nyumba Lubumbashi

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya watunza vitalu na wamoniteri wa kilimo, Lubumbashi



Nimeombwa nizungumze juu ya kasoro za majani katika miche michanga. Nitaanza na mambo ya jumla, lakini sitakaa huko. Liko tatizo moja la mji huu ambalo nimelihangaikia kwa miaka mingi, na muda niliopewa nimeamua niutumie huko.

1. Mambo ya jumla

Kitalu ni mahali pa kukuzia miche kabla ya kuihamishia bustanini. Hapa kwetu wengi wanaotesha ndani: kwenye baraza, kwenye chumba ambacho ujenzi wake haujaisha, au chini ya shitingi iliyoegemezwa ukutani. Sababu zinajulikana. Usiku wa Juni na Julai una baridi, kuku hawana adabu, parseli ni finyu, na kila mtu anataka miche yake ya nyanya, pilipili na kabichi iwe tayari mvua za Novemba zikianza.

Kasoro za kawaida zinatambulika kwa macho. Mche ukirefuka, ukawa mwembamba na kuinamia dirisha, unatafuta mwanga. Jani likilegea huku udongo umelowa, mizizi imekosa hewa: acha kumwagilia. Shina likinyongeka usawa wa udongo na mche ukaanguka, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea kama Pythium na Rhizoctonia. Mche ulioanguka hauinuliwi na dawa yoyote. Unaokoa iliyobaki kwa kupunguza maji na kuacha nafasi kati ya mche na mche.

Kuhusu chakula cha mmea, angalia ni jani lipi limeanza. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mche huzitoa kwenye majani ya zamani na kuzipeleka kwenye machanga, kwa hiyo dalili huanzia chini. Chuma, salfa na kalisi hazihami kwa urahisi, na upungufu wake huonekana juu, kwenye jani jipya. Rangi ya zambarau chini ya jani mara nyingi ni fosforasi, ambayo udongo wetu mwekundu huishika sana, ingawa baridi peke yake nayo huleta rangi hiyo. Haya yamo katika kila kijitabu cha kilimo.

2. Tatizo lenyewe

Mama mmoja aliniletea sinia la miche ya kabichi, ya siku kama ishirini hivi. Majani ya kwanza, yale ya mbegu, yalikuwa bado ya kijani. Majani mapya yalikuwa ya njano, lakini vishipa vyake vilibaki kijani, kama wavu uliotandazwa juu ya kitambaa. Alikuwa amekwisha kuiwekea urea mara mbili. Baada ya urea ya kwanza ilisimama, haikukua tena. Baada ya ya pili ilizidi kuwa njano.

Nilimwomba kikombe cha maji. Nilichomoa mche mmoja polepole, nikauosha mizizi ndani ya kikombe, nikauweka juu ya karatasi nyeupe. Mzizi wa mche wenye afya ni mweupe, mrefu, wenye vinyweleo vinavyoshikilia chembe za udongo. Ule ulikuwa mfupi, wa rangi ya kahawia, na vijizizi vya pembeni vilikuwa vimevimba kwenye ncha na kukatika, kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa. Mama aliutazama kwa muda, kisha akasema, "Profesa, hii imechomwa." Alikuwa amesema kweli kabla ya maabara yoyote.

Nikamuuliza udongo aliutoa wapi. Alikuwa ameununua kwa mtu wa kariyoli, na huyo alikuwa ameuchota kwenye kiwanja kisichoota nyasi, kwa sababu pale ni rahisi kuchimba.

Ndugu zangu, mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tanuru la kampuni ya Union Minière likaanza kuyeyusha mwaka 1911. Kwa miongo mingi pepo za kiangazi zinazovuma kutoka kusini-mashariki ziliupeleka moshi upande wa kaskazini-magharibi, na chembe za metali zikatua kwenye udongo wa mitaa iliyo njiani. Hiyo ndiyo koni ya uchafuzi ambayo wenzetu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameichunguza kwa muda mrefu, hasa Penga Penga, ambako miti ilikufa na ardhi ikabaki wazi. Mbali na moshi, kuna mabaki ya madini kwenye mabonde, na kuna mito inayopita kando ya viwanda kabla ya kufika bustanini. Shaba haiozi wala haipotei. Iliyotua enzi za babu zetu bado ipo.

Sasa angalieni inavyofanya kazi. Kila mmea unahitaji shaba, lakini kidogo mno: jani lililokaushwa kwa kawaida lina miligramu 5 hadi 20 tu kwa kilo. Ikizidi kwenye udongo, huanza na mzizi na kuharibu ncha yake. Mzizi ulioharibika hauwezi kuchukua chuma cha kutosha, na shaba yenyewe inashindana na chuma. Bila chuma jani jipya halitengenezi kijani chake. Ndiyo maana tunaona unjano juu, kati ya vishipa, na mtu anasema mche una njaa. Kwa kweli mche una sumu miguuni.

Hapo ndipo urea inapoleta hasara maradufu. Urea ikigeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa naitreti, inaongeza uchachu, na kadiri udongo unavyokuwa mchachu ndivyo shaba inavyolegea na kuingia katika maji ya udongo, pale mzizi unapokunywa. Yule mama alinunua mbolea kwa pesa yake, akaitumia kuilegeza sumu. Kosa la pili ni baya kuliko hilo. Mtu akiona majani ya njano anadhani ni ugonjwa, anapewa dawa ya ukungu yenye shaba, ya jamii ile ya mchanganyiko wa Bordeaux ambao Millardet aliutangaza Ufaransa mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu. Ni dawa nzuri mahali pake. Kumwagia dawa ya shaba mche unaokufa kwa shaba ni jambo ambalo nimelishuhudia zaidi ya mara moja, na kila mara aliyeshauri alikuwa na cheti.

Kipimo ninachokipendekeza hakihitaji mashine. Chukua vikombe kumi na vitano vilivyotobolewa chini. Vitano tia udongo unaoutilia shaka. Vitano tia udongo uleule uliochanganywa na mboji iliyoiva na chokaa kidogo. Vitano tia udongo wa mahali unapopaamini, mbali na viwanda na mabonde ya mabaki. Panda mbegu za paketi moja, mwagilia maji ya mvua, weka vyote kwenye dirisha moja. Baada ya siku kumi na nne usiangalie majani kwanza: osha mizizi na uipange kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa kundi la kwanza lina mizizi mifupi ya kahawia na la pili limepona, jibu umelipata. Yote yakiwa mazuri, rudia kwa maji yale unayomwagilia kila siku, kwa sababu mara nyingine sumu imo kwenye bidoni.

Mboji husaidia kwa kuishika shaba, na chokaa kwa kupunguza uchachu. Chokaa si ya kuagizwa mbali: mawe yake yapo Kakontwe, karibu na Likasi. Wengi wenu pia mnatumia udongo wa kichuguu, nao una sababu nzuri, maana vichuguu vikubwa vya hapa kwetu vina chokaa ndani yake na si vichachu kama udongo unaovizunguka. Lakini msizidishe. Udongo ukivuka mpaka upande wa pili, chuma na zinki hugandamana na jani jipya linarudi kuwa njano, safari hii kwa sababu iliyo kinyume. Ukifika hapo, mizizi ndiyo itakayokuambia: ya chokaa nyingi hubaki mirefu na myeupe.

Na sasa neno ambalo natakiwa kulisema kwa uangalifu, nami ninalisema kwa uangalifu. Kurudisha kijani hakuondoi metali. Chokaa na mboji vinaifunga tu, na kobalti haifungwi na mboji kwa nguvu kama shaba. Lengalenga, shu na mboga nyingine za majani zinaweza kupendeza sokoni huku zikibeba kitu ambacho jicho halioni. Kwa hiyo kuna udongo ambao haufai kurekebishwa kwa ajili ya mboga, hata mche ukikubali kuota. Hapo ni pa kupanda nyasi za kushika vumbi, kama wenzetu walivyojaribu kwa nyasi za asili zinazostahimili shaba.

3. Kwa nini tunaendelea kukosea

Sitaki kulaumu idara yoyote, na najua bajeti zilivyo. Hata hivyo niseme ukweli wa kazi yangu. Jambo hili la udongo wenye shaba nimeliandika katika taarifa zaidi ya moja. Taarifa zilipokelewa, zikagongwa muhuri. Msimu uliofuata mfuko uliogawiwa kwa wenye vitalu ulikuwa na urea na dawa ya ukungu, bila chokaa, na fomu ya moniteri ilikuwa na nafasi ya kuandika rangi ya jani lakini haikuwa na nafasi ya kuandika udongo ulitoka wapi. Moniteri hujaza anachoulizwa. Tukimuuliza rangi, atatupa rangi.

Kuna pia haraka yetu sisi wataalamu. Jani linaonekana ukiwa umesimama. Mzizi unataka upige magoti.

4. Mapendekezo

Kwa wenye vitalu: ulizeni udongo umetoka wapi kabla ya kulipa. Msichote mahali ambapo nyasi hazioti, wala pale lilipoota ua la shaba, lile Haumaniastrum katangense ambalo wachunguzi wa mambo ya kale walilitumia kugundua mahali wazee walipoyeyushia shaba. Likiwaonyesha wao shaba iliyolala karne nyingi, litawaonyesha na ninyi. Fanyeni kipimo cha vikombe kabla ya kujaza mifuko yote. Msitie urea kabla ya kuosha mzizi. Tunzeni maji ya mvua kwa ajili ya miche. Udongo wa kichuguu uwe sehemu ya mchanganyiko, usiwe mchanganyiko wote.

Kwa wamoniteri: osheni mzizi mbele ya mwenye kitalu, naye auone. Andikeni jani lipi limeanza, la chini au la juu. Andikeni udongo na maji vimetoka wapi, hata kama fomu haina nafasi. Pembeni kuna nafasi. Msishauri dawa ya shaba kwa unjano wa jani jipya. Msishauri urea, narudia, kabla ya kuosha mzizi.

Kwa miradi na wafadhili: tangu mradi wa FAO wa kilimo cha mijini uingie Lubumbashi miaka ya 2000, mama wengi wamejifunza kuotesha vizuri. Kifurushi cha msimu kiongezwe chokaa na vikombe vya kupimia. Ni vitu vya bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa mbolea.

Kwa komini zote saba: wauza udongo wa kariyoli wajulikane kwa majina na mahali wanapochota. Siombi wafukuzwe, kwani nao wanatafuta bukari ya watoto wao. Waonyeshwe mahali pa kuchota pasipo na madhara.

Kwa sisi wa chuo na maabara: ramani za uchafuzi tulizo nazo zitolewe kwa Kiswahili, kwa majina ya avenyu na mitaa, zibandikwe sokoni. Fomu ya moniteri ibadilishwe kabla ya Novemba. Na anayeleta sampuli ya udongo apewe jibu ndani ya juma lile lile. Yule mama wa kabichi alisubiri jibu la maabara hadi miche ikakauka yote, na lilipofika alikuwa amekwisha kununua udongo mwingine, kwa mtu yule yule wa kariyoli.