Ukitaka Nyumba, Utazame na Mtaa



Wahenga walinena: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Neno hilo ni la kweli, lakini kwa mwenye watoto atafutaye makao mjini Nairobi halitoshi. Akiisha kuingia na kuhesabu vyumba, hana budi kutoka tena nje, autembee mtaa kwa miguu yake. Maana nyumba huwalaza watu, bali mtaa ndio huwalea.

Mfano mzuri ni mitaa ya Golf Course na Ngumo, iliyo karibu na Kenyatta Market. Mama wa huko aweza kumtuma mtoto sokoni, naye akarudi na mboga kabla maji ya ugali hayajachemka. Sokoni mna mabucha na nyama choma ambayo watu huifuata kutoka pande nyingi za jiji. Mna na wasusi wengi sana, hata mwanamke apitaye huitwa huku na huku. Ng'ambo ya barabara ya Mbagathi iko Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901 kwa vitanda 40, ikaitwa King George VI mwaka 1952, na baada ya uhuru ikapewa jina la Rais wa kwanza. Mzazi aliyeamshwa usiku wa manane na mtoto aliyezidiwa ndiye ajuaye thamani ya ujirani huo.

Shauri la kuyaweka mahitaji ya watu karibu na nyumba zao si jipya. Mpango Mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948 ulitaka nyumba zipangwe kwa mitaa midogo, kila mtaa uwe na shule, maduka na viwanja vyake, na magari mengi yapite pembeni. Mji wa siku zile uligawanywa kwa rangi za watu, na jambo hilo lilikuwa dhuluma. Lakini shauri lenyewe lingali jema, nalo ni haki ya kila jamaa.

Hata hivyo, mtaa mwema huharibika kidogo kidogo. Mmoja huongeza chumba kikala njia ya miguu. Wa pili hutupa takataka mtaroni. Wa tatu huona, akanyamaza. Kisha mvua huja. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaonyesha watu wa Nairobi kwamba maji yakikosa njia yao hupita sebuleni, wala hayachagui nyumba ya tajiri wala ya maskini.

Basi, atakaye kupanga au kununua, asiharakie kutoa fedha. Na aende siku ya mvua, atazame maji yanakoelekea. Awaulize majirani maji ya bomba huja siku ngapi kwa juma. Aifuate njia ya shule saa ile watoto wanapoipita. Anunuaye na aikague hati ya ardhi katika ofisi ya serikali kabla ya kutia sahihi.

Na wale wakaao huko tayari, wajue kwamba mtaro ulio mbele ya mlango, njia ya miguu na uwanja wa watoto ni sehemu ya nyumba zao, ingawa havimo katika hati. Asiyevilinda hivyo ameanza kuibomoa nyumba yake kwa nje.