Uru Moja Si Sifuri

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa meza ya briji, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati imenipa dakika ishirini, na imeniomba nisiguse siasa wala bei ya vitu. Basi nimechagua jambo ambalo mwaka jana lilivunja jozi mbili katika ukumbi huu huu. Majina sitayataja. Wenyewe wanajijua, na mmoja wao naona leo amejikalia nyuma kabisa, karibu na mlango. Jambo lenyewe ni hili: mwenzako amefungua mnada kwa pao moja yenye nguvu, nawe umemjibu uru moja ya unyonge. Halafu je?

Kwa ajili ya wageni wasiocheza, nieleze kidogo. Briji huchezwa na watu wanne, wawili wakiwa upande mmoja na wawili upande wa pili, kila mtu na karata 13. Kabla ya kucheza kuna mnada. Kila upande hutaja idadi ya mizunguko utakayokula zaidi ya 6, na aina itakayokuwa turufu. Pao ndiyo ya chini, kisha uru, kisha kopa, kisha shupaza, na juu yao wote ni bila turufu. Majina haya ni yale tuliyoyakuta bwenini, ingawa najua vijana siku hizi pao huiita maua. Ree tunaihesabu pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, hata karata zote kuwa na pointi 40. Watu wawili wakiwa na pointi 25 au 26 baina yao, aghalabu wataweza mkataba wa geimu, ambao ndio wenye zawadi nono. Na katika mnada hamruhusiwi kusema neno jingine lolote, wala kukunja uso, wala kukohoa. Kila tamko la mnada ni neno katika lugha yenye maneno machache mno.

Wengi wetu tulifundishwa na walimu Waingereza ile njia iitwayo Acol, iliyoanzia London katika miaka ya 1930. Humo, mkono mkubwa kabisa hufunguliwa kwa pao mbili, na mnyonge hujibu uru mbili. Njia ya pao moja ina asili nyingine. Harold Vanderbilt wa Marekani, ambaye mwaka 1925 akiwa safarini melini alitunga hesabu za briji tunayoicheza hadi leo, ndiye pia aliyetunga desturi ya kufungua mkono wenye nguvu kwa pao moja, na uru moja ikawa jibu la mnyonge. Wenzake wengi hawakumfuata. Waitalia ndio waliolipandisha chati jambo hilo, maana timu yao ilitwaa ubingwa wa dunia mara kumi mfululizo baina ya 1957 na 1969, na baadhi ya wakali wao walicheza pao yenye nguvu. Kisha akaja C. C. Wei, mzaliwa wa China na mwenye meli za biashara, akatunga Precision. Timu ya Taiwan iliicheza njia hiyo ikashika nafasi ya pili duniani mwaka 1969, na tena mwaka 1970. Hapo kila mtu akataka kujifunza. Hata Waitalia Garozzo na Belladonna wakaichukua Precision katika miaka ya 1970 na kuipanua kwa namna yao.

Katika Precision, pao moja maana yake ni pointi 16 au zaidi, karata za namna yoyote. Uru moja maana yake ni pointi 0 hadi 7. Hayo kila mmoja wetu anayajua kwa ghibu. Tatizo ni kwamba wengi wakishasema uru moja hujiona wamekwisha toa taarifa yao yote, wakaegemea kiti na kuanza kuangalia chai inakuja lini.

Hebu tufanye hesabu ya darasa la sita. Mwenzako akiwa na pointi 16 kamili, zimebaki 24 za kugawana watu watatu. Wastani wa kila mmoja ni 8. Akiwa na 19, zimebaki 21, na wastani ni 7. Kwa hiyo mtu mwenye pointi 6 au 7 nyuma ya pao moja si fukara hata kidogo. Ana fungu lake halali, pungufu kidogo tu. Lakini neno alilolisema ni lile lile alilolisema mwenye sifuri. Katika tamko moja tumewatia maskini wa kweli na mtu wa kati, na mwenzako hawezi kuwatenganisha mpaka wewe useme mara ya pili.

Nichukue mfano. Mfunguzi ana shupaza ree, mfalme, ghulamu, 8 na 4. Kopa 6 peke yake. Uru mfalme, malkia na 5. Pao ree, malkia, 7 na 4. Hizo ni pointi 19. Mjibu ana shupaza malkia, 7 na 3; kopa 9, 8, 5 na 2; uru ree, 8, 4 na 2; pao 9 na 5. Pointi 6. Mnada unakwenda pao moja, uru moja, shupaza moja. Yule jamaa wa mwaka jana, akiwa na mkono unaofanana na huu, alipita. Alipoulizwa akajibu, “Si nilikwisha sema sina kitu?” Sasa hesabuni: shupaza 5, uru 3, ree ya pao, na pao moja iliyokatwa kwa turufu katika mkono wa mjibu. Mizunguko 10. Katika mashindano ya jozi, shupaza moja yenye mizunguko 10 huandikwa 170. Shupaza nne huandikwa 420, na mkiwa katika hali ya hatari, 620. Mwenzake hakusema neno. Alikunja karata zake taratibu, akaenda kunawa mikono, na tangu siku hiyo anacheza na shemeji yake.

Mjibu yule alipaswa kusema shupaza mbili. Ana karata tatu za kumuunga mkono mwenzake, na pointi zake ni baina ya 5 na 7. Angekuwa na shupaza nne, pointi 6 au 7 na upungufu katika aina nyingine, angeruka hadi tatu. Asipokuwa na shupaza za kutosha lakini pointi zikiwa 5 hadi 7, aseme moja bila turufu, au ataje aina yake akiwa na karata tano nzuri. Kupita ni kwa mwenye 0 hadi 4, naye apite bila aibu, maana shupaza moja ya mfunguzi haizidi pointi 21 hivi, na 21 ukijumlisha na 4 mara chache huleta geimu. Mfunguzi mwenye zaidi ya hapo hasemi shupaza moja. Huruka hadi shupaza mbili, na hapo hata mwenye sifuri hana ruhusa ya kunyamaza.

Jozi ya pili iliyovunjika ilivunjika kwa ugonjwa huo huo, ila homa ilimpanda mfunguzi. Huyu ana pointi 17 na shupaza tano, na amemzoea mwenzake kuwa hasemi mara ya pili hata akiwa na 7. Basi amekata shauri kusema kwa niaba ya wote wawili. Pao moja, uru moja, shupaza nne! Mwenzake akaweka mezani ghulamu mmoja na karata kumi na mbili za kufutia ubao. Wakaanguka mizunguko mitatu. Ninyi mtasema kosa ni la mfunguzi, na katika mkono ule ni kweli. Lakini mimi nasema mazoea yale yalijengwa miezi mingi na yule mjibu aliyekuwa akinyamaza, hata mfunguzi akaona kusubiri hakuna maana. Mfunguzi mwenye 17 atasema shupaza moja kwa moyo mtulivu pale tu anapojua kwamba zile 6, kama zipo, zitajitokeza zenyewe.

Waitalia waliona udhaifu huu mapema wakaukata kwa kisu kingine. Katika ile pao yao ya buluu, uru moja ni ya mwenye chini ya pointi 6 tu. Mwenye 6 au zaidi huhesabu ree kuwa mbili na mfalme mmoja, kisha hujibu kwa ngazi kulingana na jumla hiyo. Ni njia safi, siikatai. Lakini hula nafasi ya mnada, na inadai kumbukumbu ambayo watu wa umri wetu, tunaotafuta miwani tukiwa tumeivaa, hatunayo. Kwetu Precision inatosha, mradi mzunguko wa pili wa mnada ufanye kazi yake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huliogopa bure. Mwenzako amefungua pao moja, na mpinzani akaingilia kati, tuseme kwa shupaza moja. Nimeona watu wakigeuka rangi. Mimi hapo hushukuru. Mpinzani akinyamaza, mnyonge ana tamko moja tu, ile uru moja. Mpinzani akisema, mnyonge amepata mawili: kupita, na kuzidisha maradufu. Basi mwenye 0 hadi 4 apite, na mwenye 5 hadi 7 azidishe maradufu, wala maana yake si kuwaadhibu wapinzani. Kazi tuliyokuwa tukiingojea hadi mzunguko wa pili imefanyika papo hapo, tena kwa hisani ya adui. Hatari ya kweli ni pale anaporuka juu sana, shupaza tatu au nne, akala nafasi yote. Hapo kila jozi ikubaliane na mambo yake mapema, si mezani.

Naona Mwenyekiti anaitazama saa. Nimalizie kwa ombi. Meza nane zimekwisha pangwa katika bwalo, na mchezo unaanza saa mbili baada ya chakula. Kabla ya kuketi, kila jozi itafute pembe yake, iulizane maswali matatu tu: baada ya pao moja, uru moja na shupaza moja, nikisema mbili nina ngapi? Nikisema moja bila turufu nina ngapi? Nikipita nina ngapi? Walio na majibu yanayotofautiana waje kwangu, nitakuwa karibu na birika la chai. Na yule ndugu wa karibu na mlango, mwenzako wa zamani amekuja bila shemeji yake mwaka huu. Nimeongea naye. Meza ya tano ina kiti kitupu.