Daraja Linalopisha Meli

Sisi wa Likoni tunajua kusubiri feri huku meli ikiingia Kilindini. Wenzetu wa Duluth, Marekani, waliyaonja hayo zamani. Mfereji wa meli ulichimbwa mwaka 1871, ukakata ulimi mrefu wa mchanga uitwao Minnesota Point. Walioishi huko wakabaki ng'ambo, wakivuka kwa mashua, na kipusa juu ya barafu.

Mwaka 1905 ikasimamishwa minara ya chuma, na kibanda kikubwa kikaning'inizwa juu kuvusha watu na mikokoteni. Magari yalipoongezeka, kibanda kikalemewa. Kati ya 1929 na 1930 pakawekwa barabara inayopanda nzima nzima, kama mita 41, kwa dakika moja hivi! Siri yake ni mawe ya mizani: yanashuka minarani, daraja linapanda, mota inasaidia tu.

Meli hupiga honi, daraja nalo hujibu. Watalii hufurahia sana. Ila mkaazi mwenye mgonjwa garini lazima angoje, maana barabara ya kutoka ni hiyo hiyo moja.