Mlango wa Bweni Ufunguke kwa Nje

Hotuba kwa wazazi, waalimu na halmashauri za shule



Nimeombwa niseme nanyi juu ya usalama wa watoto wetu shuleni, hasa wale walalao mabwenini. Ni habari nzito, lakini yafaa tuisikilize kwa utulivu. Mara nyingi tumeisikiliza kwa kilio tu, na kilio kilipokwisha tulirudi makwetu, na mlango wa bweni ukabaki vile vile ulivyokuwa.

Mwezi wa Machi mwaka 1998 wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu, huko Pwani. Milango ilikuwa imefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika shule ya Kyanguli, Machakos. Huko nako mlango mmoja ulikuwa umetiwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2017 wakafa wasichana 10 wa Moi Girls mjini Nairobi, na Septemba 2024 wavulana wadogo 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri.

Moto waweza kuwashwa na mtu mwenye nia mbaya, kama ulivyowashwa ule wa Kyanguli kwa petroli. Waweza pia kutoka katika waya wa umeme uliochakaa, au mshumaa ulioachwa na msomaji aliyesinzia. Polisi watatafuta asili yake, na ni kazi yao. Lakini mtoto aliye ndani ana shauri moja tu usiku ule, nalo ni njia ya kutokea. Tena ana dakika chache sana. Magodoro tuliyonayo siku hizi ni ya sponji, nayo yakishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu. Wengi huzimia kwa moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia.

Najua sababu zinazotufanya tufunge. Wezi huja kuiba mablanketi na masanduku. Wavulana huruka ua usiku waende madukani. Na kwa habari ya wasichana, hofu yetu si ya bure. Tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St. Kizito huko Meru, wavulana wa shule ile ile walivamia bweni la wasichana usiku. Wasichana 19 wakafa na wengine 71 wakanajisiwa. Mzazi aliyesikia habari ile, nani atamlaumu akitaka bweni la binti yake lifungwe barabara?

Basi na lifungwe, lakini lifungwe kwa namna ya kumzuia aliye nje bila kumfunga aliye ndani. Fundi yeyote wa mlango ajua kutengeneza komeo la ndani linalofunguka kwa mkono pasipo ufunguo. Kumzuia mwizi ni kazi ya ua na ya mlinzi aliye macho. Kufuli inayotiwa kwa nje, na ufunguo ukachukuliwa na mtu akalale nao nyumbani kwake, hiyo hufanya bweni kuwa jela.

Wala si lazima tubuni sheria mpya. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha viwango vya usalama wa shule za Kenya, na maagizo yake ni wazi. Kila bweni liwe na mlango kila mwisho, na mlango mwingine wa hatari katikati, ulioandikwa waziwazi. Milango iwe na upana wa futi 5 na ifunguke kwa nje, wala isitiwe kufuli wakati wo wote wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi ya mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Vizima-moto viwekwe karibu na kila mlango, navyo viwe vizima, si mapambo ya ukutani.

Agizo la mlango kufunguka kwa nje huenda likaonekana dogo. Fikirini watoto mia wakikimbilia mlango mmoja gizani. Wa mbele akihitaji kuuvuta mlango kwake, hawezi, maana wa nyuma wamekwisha kumsukuma juu yake. Mlango ukifunguka kwa nje, nguvu ile ile ya msongamano huufungua.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa kila mzazi aweza kuifanya. Chukueni bweni lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 6. Vitanda vikipangwa safu mbili, miguu ikielekea njia ya katikati, kila safu yaweza kuwa na vitanda 6 tu kwa nafasi iliyoagizwa. Ni vitanda 12, na vikiwa vya ghorofa, watoto 24. Mkikuta watoto 60 katika bweni kama hilo, hamhitaji mkaguzi awaambie kuna kosa. Na hapa sitawaficha neno: sisi wenyewe twachangia kosa hilo. Twambembeleza mwalimu mkuu ampokee mtoto mmoja zaidi, kisha mmoja tena, na twashukuru akikubali. Baada ya msiba wa Endarasha serikali ilifunga sehemu za kulala katika shule za msingi 348 zilizoonekana hazifai. Wazazi wengi walinung'unika kwamba wamesumbuliwa.

Yako pia mambo ambayo futi na mita haziwezi kuyapima. Mwaka 1999, katika shule ya Nyeri High, viranja wanne walimwagiwa petroli na kuchomwa moto vyumbani mwao usiku. Huko Kyanguli wanafunzi walikuwa na manung'uniko, mojawapo likiwa kufutwa kwa matokeo ya mtihani wa wenzao. Hakuna nung'uniko linalohalalisha kuua, na atendaye hivyo ahukumiwe. Ila hasira ya shule nzima haizaliwi usiku mmoja. Hunong'onwa wiki kadhaa kwenye mabomba ya maji na katika foleni ya chakula, na mara nyingi wapishi na walinzi huisikia kabla ya waalimu. Shule yenye akili humpa kijana mahali pa kusema bila kuadhibiwa kwa kusema. Haimpi kiranja wa miaka 17 mamlaka ya kuwapiga wenziwe, maana hata mwalimu mwenyewe hana ruhusa hiyo: fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Nanyi wenye maduka na vituo vya petroli karibu na shule, kijana aliyevaa sare akija na chupa kununua petroli, msimwuzie. Mpelekeeni habari mwalimu mkuu siku hiyo hiyo.

Siku ya wazazi ijayo, kabla hamjaketi kusikiliza hotuba na nyimbo, ombeni kuonyeshwa bweni. Chukueni kamba yenye fundo kila mita, mpime wenyewe. Sukumeni mlango wa hatari muone kama wafunguka, au kama nyuma yake pamerundikwa madawati yaliyovunjika. Wavulizeni watoto, si waalimu, ni lini mara ya mwisho walipofanywa mazoezi ya kutoka nje upesi, na kama mazoezi yalifanywa usiku, taa zikiwa zimezimwa. Kisha mwulizeni mwalimu mkuu, kwa heshima lakini bila woga: usiku huu, funguo za madarasa na mabweni ziko kwa nani, na mtu huyo hulala wapi?